Kuipima Barafu ya Bahari kutoka Angani

Utangulizi

Katika ncha mbili za dunia yetu maji ya bahari huganda kila mwaka wakati wa majira ya baridi, yakafanya tabaka la barafu linaloelea juu ya maji. Katika Bahari ya Aktiki, iliyoizunguka Ncha ya Kaskazini, tabaka hilo hutanda hadi kufikia kilometa za mraba milioni 14 au zaidi mwezi wa Machi, kisha huyeyuka na kupungua hadi mwezi wa Septemba. Ili kuukadiria ukubwa huo, msomaji na akumbuke kwamba nchi nzima ya Tanzania haifiki kilometa za mraba milioni moja.

Lakini tabaka hilo pana ni jembamba mno. Kwa kawaida unene wake ni baina ya meta moja na meta nne. Kama tungetaka kutengeneza mfano wake kwa karatasi ya daftari, ingetupasa kuwa na karatasi moja yenye urefu wa viwanja viwili vya mpira. Na karatasi hiyo haitulii: upepo na mikondo ya maji huisukuma, huipasua, na kuvirundika vipande vyake kimoja juu ya kingine.

Je, barafu hiyo ina eneo gani leo? Ina unene gani? Na je, inapungua? Hakuna mtu awezaye kuitembea yote akiwa na kigezo cha kupimia. Kwa hiyo wanasayansi hutumia vyombo vilivyowekwa ndani ya setilaiti zinazozunguka dunia, na kazi hiyo huitwa uchunguzi wa mbali. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na hasa kuonyesha jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa: chombo kilichoko angani hakiipimi barafu yenyewe. Hupima nguvu ya mawimbi, au muda ambao mawimbi hayo yametumia njiani. Kutoka hapo hadi kufikia unene wa barafu kuna hesabu, na ndani ya hesabu hiyo kuna mambo ambayo sharti yajulikane kutoka kwa mtu aliyesimama juu ya barafu.

Barafu ya bahari ni nini?

Kwanza yatupasa kutofautisha vitu viwili vinavyochanganywa mara kwa mara. Siwa barafu, kama lile lililoizamisha meli ya Titanic mwaka 1912, hutokana na theluji iliyoanguka nchi kavu kwa karne nyingi, ikashindiliwa kuwa barafu, kisha ikateleza na kumegukia baharini. Barafu ya bahari hutokana na maji ya bahari yenyewe kuganda pale pale yalipo.

Maji yasiyo na chumvi huganda katika halijoto ya nyuzi 0 za Selsiasi. Maji ya bahari, ambayo kila kilogramu moja huwa na chumvi ipatayo gramu 35, huganda katika nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Fuwele za barafu zinapojijenga hazina nafasi ya kuipokea chumvi, na kwa hiyo sehemu kubwa ya chumvi husukumwa nje na kuzama baharini. Iliyosalia hunaswa katika vijishimo vidogo vya maji yenye chumvi kali ndani ya barafu. Barafu iliyopitia majira ya joto bila ya kuyeyuka yote hupoteza sehemu kubwa ya chumvi hiyo. Ndiyo maana barafu ya mwaka wa kwanza na barafu ya miaka mingi hazifanani mbele ya mawimbi ya redio, hata kama kwa macho zote ni nyeupe.

Umuhimu wa barafu hii ni mkubwa. Bahari iliyo wazi hurudisha angani karibu asilimia 6 tu ya mwanga wa jua unaoifikia, na kuumeza mwanga uliobaki. Barafu iliyofunikwa na theluji mpya huweza kurudisha zaidi ya asilimia 80. Kila eneo la barafu linalotoweka wakati wa majira ya joto huacha nyuma bahari nyeusi inayomeza joto, na joto hilo huyeyusha barafu nyingine. Hali kadhalika, watu wa Inuit wa Kanada na Greenland huitumia barafu hiyo kama barabara na kama uwanja wa kuwindia. Kwao tofauti ya unene wa sentimeta kadhaa ni tofauti baina ya kuvuka salama na kuzama.

Giza na mawingu

Mtu angeweza kudhani kuwa inatosha kupiga picha. Picha za kawaida hutegemea mwanga wa jua, na katika Ncha ya Kaskazini jua halionekani kwa muda wa karibu nusu mwaka. Linapochomoza na majira ya joto yakaingia, anga la Aktiki hufunikwa na mawingu siku nyingi. Kwa sababu hizo mbili picha za mwanga zina faida, lakini haziwezi kutupatia habari za kila siku za bahari nzima.

Kuna mawimbi yapitayo katika mawingu bila ya kuzuiwa sana, nayo hayahitaji jua. Hayo ni mawimbi mafupi ya redio yaitwayo mikrowevu, ambayo urefu wa wimbi lake moja ni kuanzia karibu milimeta moja hadi makumi kadhaa ya sentimeta. Vyombo vya uchunguzi huyatumia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kusikiliza tu: chombo hupokea mikrowevu zinazotoka duniani zenyewe. Njia ya pili ni kupiga na kungoja: chombo hutuma mawimbi yake, kisha hupokea mwangwi unaorudi. Njia hii ya pili ndiyo rada.

Kukadiria eneo kwa kusikiliza

Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho. Chuma kilichowashwa katika tanuri hutoa mnururisho unaoonekana kwa macho, nao ndio wekundu wake. Kitu baridi kama barafu nacho hutoa mnururisho, pamoja na kiasi kidogo cha mikrowevu. Hata hivyo, vitu viwili vyenye halijoto moja havitoi mnururisho sawa. Katika mawimbi yenye urefu wa sentimeta moja na nusu hivi, barafu ya mwaka wa kwanza hutoa zaidi ya asilimia 90 ya kiasi ambacho kitu chenye halijoto yake kingeweza kutoa. Maji ya bahari hutoa karibu nusu tu. Kwa hiyo mbele ya chombo cha mikrowevu barafu huonekana kama kitu chenye joto kuliko maji, ingawa kipimajoto kingeonyesha kinyume chake.

Tofauti hiyo hutuwezesha kukadiria eneo la barafu kwa hesabu nyepesi. Tuseme, kwa mfano, kwamba mahali penye maji matupu chombo husoma kelvini 120, na mahali palipofunikwa kabisa na barafu husoma kelvini 240. Kama katika mraba fulani wa bahari chombo kimesoma kelvini 210, basi tunatoa 120 kutoka 210 tukapata 90, kisha tunagawanya kwa tofauti ya 240 na 120, ambayo ni 120. Jibu ni 0.75, yaani robo tatu ya mraba huo ni barafu na robo moja ni maji. Hesabu halisi hutumia mawimbi ya urefu mbalimbali ili kuondoa athari za upepo, mvuke na aina za barafu, lakini msingi wake ndio huo. Kwa desturi mraba wenye barafu ya asilimia 15 au zaidi huhesabiwa kuwa ni sehemu ya eneo la barafu.

Kazi hii ilianza kwa dhati mwezi wa Desemba 1972, Shirika la Anga la Marekani, NASA, liliporusha setilaiti ya Nimbus 5 iliyochukua chombo cha kupokea mikrowevu zenye urefu wa sentimeta 1.55. Muda si mrefu chombo hicho kilionyesha jambo ambalo hakuna baharia aliyelitazamia. Katika majira ya baridi ya mwaka 1974, 1975 na 1976, ndani kabisa ya barafu ya Bahari ya Weddell iliyoko upande wa Antaktika, palikuwa na uwazi wa maji wenye ukubwa wa karibu kilometa za mraba 250,000, yaani zaidi kidogo ya nchi nzima ya Uganda. Maji ya vilindi yenye joto kidogo yalikuwa yakipanda juu na kuizuia bahari isigande. Kama pasingekuwa na chombo kilichoweza kuona katika giza la majira ya baridi, huenda uwazi huo ungefunguka na kufungika bila ya mtu yeyote kujua.

Njia hii nayo ina udhaifu wake. Wakati wa majira ya joto theluji iliyo juu ya barafu huyeyuka na kufanya vidimbwi vya maji. Mikrowevu haziwezi kupenya maji hayo, na chombo hushindwa kutofautisha kidimbwi kilicho juu ya barafu na bahari iliyo wazi. Matokeo yake ni kwamba mahali penye barafu nzima yenye vidimbwi huhesabiwa kuwa na barafu chache kuliko iliyopo. Mtu asiyejua habari za vidimbwi angeisoma ramani hiyo na kuamini kuwa barafu imekwisha.

Kupima unene kwa kanuni ya Archimedes

Eneo peke yake halitoshi. Barafu yaweza kubaki na eneo lile lile huku unene wake ukipungua, kama mkate unaoliwa kutoka chini. Habari za kwanza za kutosha kuhusu unene zilitoka chini ya bahari. Kuanzia mwaka 1958, manowari ya Marekani iitwayo Nautilus ilipopita chini ya Ncha ya Kaskazini, manowari zilipima kwa mwangwi wa sauti sehemu ya barafu iliyozama majini. Mwaka 1999 mwanasayansi D. A. Rothrock na wenzake walilinganisha vipimo vya miaka ya 1958 hadi 1976 na vile vya miaka ya 1990, wakaona kuwa wastani wa sehemu iliyozama ulikuwa umepungua kutoka meta 3.1 hadi meta 1.8. Lakini manowari hupita katika njia chache, na kwa nyakati chache.

Setilaiti haiwezi kuona sehemu iliyozama. Inaweza kupima ile sehemu ndogo inayojitokeza juu ya maji, ambayo hapa tutaiita kimo. Kila mwanafunzi wa fizikia anaijua kanuni ya Archimedes: kitu kinachoelea husukuma pembeni maji yenye uzito sawa na uzito wa kitu hicho. Meta moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilogramu 1,025 hivi. Ya barafu ya bahari tunaweza kuikadiria kuwa na kilogramu 915. Kwa hiyo takriban sehemu tisa katika kumi za barafu huwa chini ya maji, na moja tu huwa juu. Tukikijua kimo, twaweza kuupata unene wote.

Kimo hupimwa hivi. Setilaiti ya CryoSat-2, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya mwezi wa Aprili 2010, huzunguka dunia ikiwa juu kwa kilometa zaidi ya 700. Rada yake hutuma mawimbi yenye urefu wa sentimeta 2.2 moja kwa moja kuelekea chini, na kupima muda wa mwangwi kurudi. Mahali palipo na ufa baina ya vipande vya barafu, maji yaliyotulia hurudisha mwangwi mkali kama kioo. Mahali palipo na barafu, mwangwi hutawanyika. Kwa alama hizo mwanasayansi hujua ni mwangwi upi umetoka kwenye maji na upi kwenye barafu, naye hutoa kimoja katika kingine.

Msomaji na apime ugumu wa kazi hiyo. Mawimbi husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde. Kimo cha sentimeta 15 hupunguza safari ya kwenda na kurudi kwa sentimeta 30, ambazo huchukua sehemu moja tu ya bilioni ya sekunde. Mwangwi mmoja hauwezi kutoa jibu la hakika kwa kiasi hicho, hivyo hukusanywa mwangwi nyingi na kutafutwa wastani wake. Na baada ya juhudi zote hizo, hesabu ya Archimedes hukizidisha kimo kwa zaidi ya mara tisa, na pamoja nacho huzidisha kosa lake. Kosa la sentimeta 3 katika kimo huwa kosa la sentimeta 28 katika unene.

Kazi ya CryoSat ilianza kwa msiba. Setilaiti ya kwanza ya jina hilo ilirushwa tarehe 8 Oktoba 2005, na roketi yake ikashindwa. Chombo kikaangukia katika bahari ile ile ya Aktiki kilichokusudiwa kuichunguza. Ilibidi kitengenezwe kingine, na miaka karibu mitano ya vipimo ikapotea.

Theluji, mzigo usioonekana

Mpaka hapa tumeisahau theluji. Juu ya barafu ya bahari huwapo tabaka la theluji, nayo ina uzito wake. Tukadirie kuwa meta moja ya ujazo ya theluji ina kilogramu 320. Uzito huo huikandamiza barafu na kukipunguza kimo chake. Hesabu kamili, basi, ni hii:

Unene = (1,025 × kimo + 320 × kina cha theluji) ÷ (1,025 − 915)

Tuchukue kipande cha barafu chenye kimo cha meta 0.15 na theluji ya kina cha meta 0.20. Katika baridi kali mawimbi ya rada ya CryoSat-2 huchukuliwa kuwa yanaipenya theluji kavu na kurudishwa na uso wa barafu. Kwa hiyo rada husoma meta 0.15. Mtu asiyejua kuwa pana theluji atapata unene wa meta 1.40. Anayejua kina chake atapata meta 1.98, na hilo ndilo jibu sahihi.

Sasa tutumie chombo cha pili. Setilaiti ya ICESat-2, iliyorushwa na NASA mwezi wa Septemba 2018, hutumia leza ya mwanga wa kijani inayopiga mara 10,000 kwa kila sekunde. Mwanga haupenyi theluji; hurudishwa na uso wake wa juu. Mahali pale pale leza itasoma meta 0.35, yaani kimo cha barafu pamoja na theluji. Mtu akidhani kuwa hiyo yote ni barafu tupu, atapata unene wa meta 3.26.

Hapa ndipo penye fundisho. Vyombo viwili bora vimepima kipande kimoja cha barafu, na wala havikukosea katika vipimo vyao. Lakini kwa kutojua habari za theluji, kimoja kimetupatia meta 1.40 na kingine meta 3.26, hali ukweli ni meta 1.98. Anayetaka kudai kuwa barafu inaisha haraka, na anayetaka kudai kuwa haina neno, kila mmoja angeweza kujichagulia namba yake.

Kwa miaka mingi kina cha theluji kilichotumiwa katika hesabu za rada kilitoka wapi? Kilitoka kwa binadamu. Tangu mwaka 1937 wanasayansi wa Urusi ya Kisovieti walianza kuweka kambi juu ya barafu inayoelea na kusafiri nayo. Baina ya mwaka 1954 na 1991 wakazi wa kambi hizo walipima kina cha theluji kwa vigezo vya mkono, mwaka baada ya mwaka, katika baridi na giza. Mwaka 1999 Stephen Warren na wenzake walichapisha wastani wa vipimo hivyo kwa kila mwezi. Kwa njia hiyo setilaiti iliyorushwa mwaka 2010 iliegemea juu ya kazi ya watu waliochoma vijiti katika theluji kabla haijafikiriwa kujengwa. Tatizo ni kwamba kambi hizo zilikuwa juu ya barafu nene ya miaka mingi, ambayo imepungua sana. Barafu ya mwaka wa kwanza huganda baadaye, na hukusanya theluji chache zaidi. Ndiyo sababu katika hesabu nyingi wanasayansi walikipunguza kina hicho kwa nusu mahali penye barafu changa.

Mwezi wa Julai 2020 ilipatikana njia nyingine. Shirika la Anga la Ulaya liliipandisha CryoSat-2 kwa kiasi kisichofika kilometa moja, ili njia yake ilingane kila baada ya muda na njia ya ICESat-2. Rada na leza zikaweza kupita juu ya barafu moja kwa tofauti ya saa chache. Katika mfano wetu, kusoma kwa leza kukitolewa kusoma kwa rada hubaki meta 0.20, ambazo ndizo kina cha theluji. Makosa mawili yaliyoelekea pande mbili yamegeuka kuwa kipimo kimoja kipya.

Wanaosimama juu ya barafu

Hata njia hiyo haikumaliza kazi. Je, ni kweli kuwa mawimbi ya rada huipenya theluji yote? Jambo hili lilichunguzwa na msafara wa MOSAiC, ambapo meli ya Kijerumani Polarstern ilifungwa kwenye kipande cha barafu mwezi wa Oktoba 2019 na kusafiri pamoja na barafu ya Aktiki hadi mwaka 2020. Juu ya barafu hiyo wanasayansi waliweka rada yenye mawimbi ya namna ile ile ya setilaiti, kisha wakachimba theluji iliyo mbele yake na kuipima tabaka kwa tabaka. Uchunguzi wa aina hiyo umeonyesha kuwa theluji yenye chumvi, au yenye unyevu, au iliyoshindiliwa na upepo, huweza kuurudisha mwangwi kabla haujaufikia uso wa barafu. Dhana ya kupenya kabisa ni ya kukadiria tu, na watumiaji wake hawana budi kulijua hilo.

Majira ya joto nayo yalikuwa na kikwazo chake, kwani vidimbwi hurudisha mwangwi mkali kama ule wa nyufa za maji. Kwa sababu hiyo unene ulitolewa kwa miezi ya baridi pekee. Mwaka 2022 Jack Landy na wenzake walichapisha njia ya kuifundisha kompyuta kuitambua tofauti baina ya mwangwi wa kidimbwi na ule wa ufa, na hivyo vipimo vya CryoSat-2 vikaanza kusomeka mwaka mzima.

Kumbukumbu isiyokatika

Jambo jingine ambalo haliwezi kununuliwa baada ya kupotea ni mfululizo wa miaka. Mwezi wa Oktoba 1978 ilirushwa setilaiti ya Nimbus 7, na tangu hapo eneo la barafu limepimwa kwa mikrowevu bila ya kukatika. Kuanzia mwaka 1987 kazi hiyo ilichukuliwa na setilaiti za hali ya hewa za Idara ya Ulinzi ya Marekani. Ni kwa mfululizo huo tunajua kwamba mwezi wa Septemba 1979 barafu ya Aktiki ilikuwa na wastani wa kilometa za mraba milioni 7 hivi, na kwamba katika Septemba 2012 ilishuka siku moja hadi milioni 3.4, kiwango kidogo kuliko vyote vya miaka hiyo hadi wakati huo. Upande wa Antaktika mambo yalikwenda kwa namna nyingine: mwaka 2014 barafu ya majira ya baridi ilizidi kilometa za mraba milioni 20, kisha kuanzia mwaka 2016 ikapungua ghafla, na mwezi wa Februari 2023 ikashuka hadi chini ya milioni 1.8.

Mtu aliyetazama Antaktika hadi mwaka 2014 tu angesema barafu inaongezeka. Aliyetazama kuanzia mwaka huo tu angesema inatoweka mbio. Miaka zaidi ya arobaini pamoja ndiyo inayotuwezesha kutofautisha mabadiliko ya muda na mwelekeo wa kudumu.

Mwezi wa Juni 2025 Idara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza kuwa ingeacha kuwapa wanasayansi takwimu za setilaiti zake hizo, na tarehe ya kuacha ikaahirishwa zaidi ya mara moja. Watunzaji wa kumbukumbu walianza kuhamia kwenye chombo cha Kijapani kiitwacho AMSR2, kilichorushwa mwaka 2012. Na mwezi huo huo wa Juni 2025 Japani ilirusha mrithi wake. Kuhama huko si jambo la kubadilisha jina tu. Chombo kipya husoma kwa namna yake, na lazima kifanye kazi kwa muda pamoja na kile cha zamani, mahali pamoja na siku zile zile, ili tofauti zao zijulikane. Kama cha zamani kikizimwa kabla ya kipya kuwekwa sawa nacho, badiliko la chombo laweza kudhaniwa kuwa badiliko la barafu.

Jaribio kwa ajili ya darasa

Walimu waweza kuyaonyesha haya bila ya barafu wala setilaiti. Chukua kipande cha ubao mkavu chenye upana wa sentimeta 10 kila upande na unene wa sentimeta 5, ukipake nta au rangi ili kisinywe maji. Kipime uzito, kisha gawanya kwa ujazo wake ili kupata densiti. Tuseme umepata gramu 0.6 kwa kila sentimeta ya ujazo. Kieleze katika beseni la maji na upime kimo kwa rula. Utapata karibu sentimeta 2. Wanafunzi watumie hesabu hii:

Unene = kimo × 1 ÷ (1 − 0.6)

Watapata sentimeta 5, na jibu ni sahihi. Sasa tandaza juu ya ubao mchanga wa gramu 50, uwe badala ya theluji. Kimo kitashuka hadi sentimeta 1.5. Kundi la pili la wanafunzi, ambalo limeambiwa kimo tu bila ya kuambiwa habari za mchanga, litakokotoa unene wa sentimeta 3.75. Waulizwe: ni nani aliyekosea? Rula haikukosea, wala kanuni ya Archimedes haikukosea. Kilichokosekana ni habari za mzigo.

Hitimisho

Njia tulizozieleza hazitumiki kwa barafu pekee. Rada ya kupima kimo kwa mwangwi hutumika pia kufuatilia kupanda na kushuka kwa maji ya Ziwa Viktoria, na kazi hiyo imekuwa ikifanyika tangu miaka ya 1990. Huko nako namba inayotoka angani hulinganishwa na vigezo vilivyosimikwa ufukweni na kusomwa na watu.

Kwa hiyo kijana anayetamani sayansi ya anga na asidhani kuwa kazi yote imo ndani ya roketi. Setilaiti huona bahari nzima kwa siku chache, jambo ambalo hakuna msafara unaoweza kulifanya. Mtu mwenye kijiti huona mahali pamoja, lakini hujua ni nini hasa anachokiona. Unene wa barafu ya Aktiki, ambao mataifa huutazama katika kukadiria hali ya hewa ya miaka ijayo, hupatikana pale tu wawili hao wanaposomana.